Xenoblade Chronicles 2: kasoro kila kona lakini mkono hautoki kwenye kontrola, nielezeni

Kidolegumba (mwenye uzi)

Habari wadau. Najua hili gemu lilitoka Desemba 2017 na wengi wenu mmelimaliza mpaka mmelisahau, mimi ndo kwanza nimeingia sura ya tatu, niko Uraya kule ndani ya tumbo la yule Titan, lile dude kubwa ambalo watu wanaishi ndani yake, kwa hiyo kabla ya yote naomba msinivurugie hadithi, atakayeleta spoila namripoti bila huruma.

Sasa twende. Gemu lina matatizo jamani, tena ya wazi, sio ya kutafuta na tochi. Mafunzo yanatokea kwenye dirisha, unasoma, unabonyeza, yamekwenda, na hakuna sehemu kwenye menyu ya kuyasoma tena. Alama ya misheni inakuonyesha upande na umbali tu, unaifuata mpaka unafika unakuta unachotafuta kiko juu ya jabali na wewe uko bondeni, njia ya kupandia shauri yako. Vizuizi vya njiani vinataka Blade (wale wasaidizi wa vita wanaotoka kwenye kristali) wenye ujuzi fulani, basi unafungua menyu, unawatoa Blade wako wa vita, unawaingiza wale wa kufungulia, unafungua sanduku, unakuta takataka, unarudi menyu kuwarudisha wale wa mwanzo. Vita vya mwanzo ni kumtazama Rex, mhusika wako mkuu, anapiga mara tatu, anavuta pumzi, anapiga tena mara tatu. Na makelele! Wenzako wote wanaongea kwa pamoja, adui naye anaongea, maneno yaleyale mpaka unayasikia ukiwa umelala.

Na bado kila nikisema nasevu nizime najikuta napanda kilima kingine cha Gormott, Titan niliyepita kabla ya Uraya, kuona upande wa pili kuna nini. Nikizipanga kasoro zinajaa ukurasa, sifa hazifiki hata nusu. Nauliza kwa nia njema kabisa, hiki kinachonishika ni kitu gani?

Chuma Ulete

Upweke mkuu. Uzi unaweza kufungwa.

Jirani Kimya

Nimekaa pale nasubiri wazee wa Xenogears, babu wa hili gemu, waje na insha zao.

Kobe Mkimbiaji

Karibu sana Kidolegumba. Kabla hujahukumu vita nijibu swali moja, huwa unabonyeza Art, yale mapigo maalumu ya vitufe, wakati gani? Maana wengi wanaanza kwa kubonyeza ikishajaa tu, popote pale, na hapo ndipo gemu linaonekana limelala.

Iko hivi. Yale mapigo matatu hayalingani. La kwanza jepesi, la pili linazidi, la tatu ndilo zito na ndilo linalojaza Arts kuliko mengine. Ukitembea hata hatua moja mnyororo unakatika unarudi la kwanza, ndio maana ukimkimbiakimbia adui huku na kule unaona hakuna kinachojaa. Sasa ukibonyeza Art palepale pigo linapotua, sio kabla wala baada, geji ya Special, lile pigo kubwa la Blade, inaruka. Kwa hiyo ule utulivu unaouona sio kupumzika, unahesabu moja mbili tatu, Art, moja mbili tatu, Art. Halafu Special ya Pyra, Blade wa Rex, ni moto, unamwacha mwenzako Nia na Blade wake Dromarch waingize maji juu yake, kisha unafunga na moto tena. Hatua tatu. Adui anabaki na mpira wa moto unamzunguka, na huo mpira una kazi yake huko mbele ambayo siitaji sasa hivi.

Jaribu hivyo kesho halafu urudi hapa utuambie.

Kidolegumba

Duh. Sasa mbona gemu lenyewe halikuniambia?

Kobe Mkimbiaji

Lilikuambia. Kwenye lile dirisha ulilobonyeza likaondoka.

Chuma Ulete

😂😂😂

Mpinzani Mkuu

Naomba nitofautiane na Kobe maana naona anageuza ugonjwa kuwa dawa. Mfumo unaohitaji mtu asiyekujua aje akufundishe unavyofanya kazi ni mfumo uliofeli kazi yake ya kwanza, basi. Na tuseme ukweli, kuna watu kwenye miji ya ndani ya gemu wanakuuzia hayo maelezo kwa hela ya gemu, yaani umenunua gemu, halafu unamlipa mtu wa ndani ya gemu akuelekeze namna ya kucheza gemu, na watu wanapiga makofi.

Jibu la swali lako Kidolegumba ni rahisi, halina ushairi. Umeshatumia muda mwingi, umeshazoea menyu mbovu, umeshakariri njia. Ukiacha sasa yote hayo yanapotea. Basi moyo unaanza kukutungia sababu. Kila anayecheza JRPG ndefu, hizi gemu za Kijapani za hadithi, anaujua huu ugonjwa ila hausemi.

Kidolegumba

Lakini mkuu nilishikwa mapema, kabla hata sijatumia huo muda unaousema. Ile kutoka tu kwenye msitu pale mwanzo wa Gormott uwanda ukafunguka na ule muziki, nilisimama. Hapo ningeweza kuacha bila kupoteza chochote.

sauti_ya_chini

ndo ninachotaka kusema mimi watu wanazunguka sana. ni muziki. zima sauti ucheze gormott uone kama utapanda hicho kilima. mchana ni mapigo ya nguvu, tarumbeta, unajiona unaweza kukimbia mpaka mwisho wa dunia, ikifika usiku wimbo uleule unarudi taratibu umepoa, hata mwendo wako unabadilika. wangeweka wimbo wa kawaida pale hili gemu lingesahaulika

Jirani Kimya

Huyo mtunzi Mitsuda ni mtu hatari, kafanya Chrono Trigger, kafanya Xenogears, kaja huku kafanya muziki wote peke yake.

sauti_ya_chini

sio peke yake. kuna kenji hiramatsu, kuna manami kiyota, kuna wale wa kundi la ACE, wote walishika sehemu. nyimbo nyingi za kutembelea huko nje sio za mitsuda. na zile kwaya ni anúna wa ireland. mitsuda anastahili sifa zake ila msimpe na za wenzake

Jirani Kimya

Sawa mwalimu.

Binti Pikseli

Muziki nakubali ila hautoshi, ningesikiliza tu albamu nikapika zangu. Mimi nadhani ni ukubwa. Simama kwenye nyasi za Gormott uinue kamera. Kile unachodhani ni mlima kinasogea, ni mwili wa mnyama unayetembea juu yake. Uraya uko ndani ya mnyama, unaona mbavu kwa juu. Gemu nyingi zinakuonyesha mlima kisha zinakuzuia na ukuta usioonekana, hawa Monolith Soft waliolitengeneza wanakuonyesha mahali na kwa kawaida mahali pale panafikika, ukikubali kuhangaika. Hata hiyo alama mbovu ya misheni inatokana na hapohapo, dunia imepangwa ghorofa juu ya ghorofa, na wingu nalo linapanda na kushuka linafunika njia nyingine, halafu dira wamekupa ya bapa.

Ila nisieleweke vibaya, mimi nina ugomvi wangu na hili gemu. Mavazi ya Pyra. Sihitaji kueleza. Unajaribu kumwonyesha mtu tukio la huzuni, kamera inaanza safari zake yenyewe, unabaki unakohoa. Dunia ya heshima namna ile halafu Blade wengine wamechorwa na watu walioambiwa kila mtu achore anavyotaka, hakuna aliyemuuliza mwenzake. Na ukicheza mkononi bila kuchomeka kwenye TV, picha inapata ukungu kwenye sehemu zenye mambo mengi, ni kama miwani imeshika mvuke.

Bahati Nasibu

Binti hao wachoraji wengi ndio raha yenyewe!! Kila ukifungua kristali hujui nani anatoka. Mtu mmoja kachorwa kama mdoli, mwingine kama jini, mwingine mzee na masharubu. Masatsugu Saito kachora wahusika wakuu, hao Blade adimu wamechorwa na wasanii tofauti tofauti, Nomura wa Final Fantasy naye kachora lile kundi la maadui la Torna.

Tena nimshangae Kidolegumba, umeandika uzi mzima hujagusa kristali. Kinachokushika ni kristali ndugu yangu. Unapigana, unaokota, unafungua, anatoka Blade wa kawaida asiye na jina la maana, unasema haya moja ya mwisho, unapigana tena. Kuna watu wamemaliza hadithi yote hawajamwona KOS-MOS, Blade adimu, kwa macho. Mimi nilishawahi kumfungulia Tora... ah basi.

Kobe Mkimbiaji

Tora hafungui kristali wewe.

Bahati Nasibu

Ndo maana nikasema ah basi 😅

Mpinzani Mkuu

Mnaona sasa. Bahati Nasibu kathibitisha hoja yangu. Hiyo ni kamari isiyo na pesa, na mbaya zaidi Blade akitoka anafungwa na yule aliyemwamsha. Unamtaka mganga akae kwa Nia, kaamshwa na Rex, basi imekula kwako. Unahitaji kitu kinaitwa Overdrive Protocol kumhamisha na vyenyewe vya kuhesabu.

Mzee wa Kusevu

Salaam vijana. Nimeitwa kwa insha, basi insha nawaletea.

Huwezi kulielewa hili gemu bila kumjua Tetsuya Takahashi. Mwaka 1998 akiwa Square alitoa Xenogears. Waliocheza wanakumbuka diski ya pili, mhusika anakaa kwenye kiti anakusimulia yaliyotokea, vita vikubwa na miji mizima unasimuliwa badala ya kucheza, kwa sababu hadithi ilikuwa kubwa kuliko muda na uwezo waliokuwa nao. Tulilalamika sana. Na hakuna hata mmoja wetu aliyelisahau. Mwaka 1999 ikaanzishwa Monolith Soft, Nintendo wakaichukua 2007, mwaka 2010 likaja Xenoblade la kwanza kwenye Wii, ambalo Marekani halikufika mpaka 2012 baada ya mashabiki kuendesha kampeni yao ile ya Operation Rainfall. Mtindo ni uleule miaka yote. Huyu bwana akipewa uwezo wa kujenga nyumba anachora mji.

Na mkumbuke 2017 Monolith Soft hawakuwa na kazi moja. Watu wao walisaidia Breath of the Wild, ambalo limetoka Machi mwaka huohuo pamoja na Switch yenyewe. Miezi tisa baadaye wanatoa hili. Kwa hiyo mimi nikiona menyu ambayo haijapigwa msasa na ramani iliyokatishwa katikati, sioni uzembe, naona watu walioamua kasoro ikae kwenye menyu ili wasipunguze Titan hata mmoja. Kidolegumba unashikwa na hiyo tamaa yao. Gemu lililopigwa msasa kila mahali mara nyingi limekatwa kila mahali.

Mpinzani Mkuu

Kwa heshima zote mzee wangu, huko ni kuwapa shikamoo watu kwa makosa yao. Ungejuaje kama walichagua? Labda hawakuona tu.

Mzee wa Kusevu

Inawezekana. Nimesema naona hivyo, sijasema nilikuwepo kikaoni.

Chuma Ulete

Kidolegumba uko Uraya eeh? Umeshakutana na yule mzee wa Garfont, Vandham? Mtu poa sana yule. Usimzoee.

Kidolegumba

Kwa nini nisimzoee?

Binti Pikseli

Chuma Ulete una laana wewe.

Jirani Kimya

Msimamizi tafadhali.

Kidolegumba

KWA NINI NISIMZOEE

Kobe Mkimbiaji

Tubadilishe mada haraka. Kidolegumba umeshakutana na gorila?

Kidolegumba

Usinikumbushe. Napigana na vile vijisungura vya Bunnit, levo zetu sawa, najiona bingwa, ghafla ardhi inatikisika kuna kitu kimeingia kwenye skrini kwa nyuma. Nikaona namba 81. Nikadhani nimesoma vibaya nikasogea karibu nisome vizuri. Sikumaliza kusoma.

sauti_ya_chini

wote tulisogea kusoma 😭

Binti Pikseli

Territorial Rotbart, mwenyekiti wa mtaa wa Gormott. Sasa hapo kuna kitu kinahusu swali la uzi kwa kweli. Gemu la kisasa lingemficha huyo gorila nyuma ya mlango mpaka umekua. Hawa wamemwachia atembee sehemu ya wanafunzi. Ni kasoro? Kwenye karatasi ndiyo. Lakini unaondoka pale ukijua hii dunia haikutengenezwa ikusubiri wewe, na siku ukirudi na levo zako mnamalizana.

Kobe Mkimbiaji

Hata Xenoblade la kwanza lilikuwa hivyohivyo, madude ya levo kubwa yanatembea palepale unapoanzia. Ni desturi yao, sio bahati mbaya.

Jirani Kimya

Na vita vya la kwanza si vilikuwa vilevile tu, unapiga ndo Arts zinajaa? Mbona lile hatukulilalamikia hivi.

Kobe Mkimbiaji

Hapana, hapo umechanganya. La kwanza Arts zinajaa kwa muda tu, hata ukisimama unaangalia mawingu zinajaa. Hili la pili ndo wakaja na za kujaa kwa mapigo. Na la tatu, lile la Julai 2022, wakaunganisha zote, watu wa taifa la Keves zao zinajaa kwa muda, wa taifa la Agnus zinajaa kwa mapigo. Kwa hiyo waliocheza la kwanza ndio walioumia zaidi kuingia la pili, vidole vilikuwa vimezoea kubonyeza kila kinachowaka.

Ndio maana mimi siungi mkono hata moja ya sababu zenu hizi, sio muziki sio ukubwa. Kinachomshika mtu ni kwamba gemu linafunguka polepole kupita kiasi. Mwanzo una Blade mmoja, Arts chache, zinaanza tupu kila vita. Baadaye unakuwa na Blade watatu kwa kila mtu, chati za Affinity, za ukaribu wenu na Blade, zinakupa uwezo wa kuanza vita Art imeshajaa, kipochi unakijaza vitu vya kukuongezea kasi, kisha Chain Attack, shambulio la kundi zima, inakuja kuipasua ile mipira niliyosema mwanzo, mpira wa moto unatafutiwa Blade wa maji maana wanapingana, wa upepo unatafutiwa barafu. Kile kitu ulichokiona kimelala kinageuka fujo tupu, namba zinajaa skrini. Na kwa kuwa ulianza ukiwa mtupu, unausikia kila ujuzi unaoongezeka. Wangekupa vyote mwanzo usingesikia kitu.

Mpinzani Mkuu

Kama polepole ndiyo raha na kristali ndizo raha, mbona walipotoa Torna The Golden Country, ile hadithi ya nyongeza, Septemba 2018 walifanya kinyume? Vita vya Torna vina kasi tangu mwanzo. Kristali za kubahatisha hakuna, Blade wako unawajua. La tatu nalo hakuna kristali, mashujaa unawapata kwa misheni zao, na mafunzo unaweza kuyarudia ukitaka. Watengenezaji wenyewe wamewajibu kwa vitendo, ninyi bado mnatetea.

Bahati Nasibu

Na watu wanalikumbuka lipi zaidi, Torna au hili? Nani anaanzisha uzi wa kulalamikia Torna? Gemu lisilolalamikiwa halizungumzwi.

Mpinzani Mkuu

Torna ni zuri zaidi na fupi zaidi, hilo ndilo jibu. Halina upuuzi kama ule wa kumtafuta Blade T-elos kwenye kristali, nilifungua mpaka nikaota ugonjwa wa kidole.

Chuma Ulete

Subiri kwanza.

Subiri subiri subiri.

T-elos si anapatikana New Game Plus tu? Mpinzani, umelimaliza hili gemu bovu ukalianza UPYA?

sauti_ya_chini

HAHAHAHA

Binti Pikseli

Mwenyezi Mungu hamfichi mtu 😂

Mpinzani Mkuu

Nilikuwa nafanya utafiti.

Jirani Kimya

Na matokeo ya utafiti ni yapi daktari?

Mpinzani Mkuu

Kwamba ugonjwa niliousema upo, nimejipima mwenyewe.

Mzee wa Kusevu

Mimi huyu kijana nimempenda.

Kidolegumba

Nimerudi wadau. Nimemaliza sura ya tatu. Chuma Ulete sisemi na wewe.

Nilikaa kimya nikaangalia ukuta. Halafu pale mwisho kabisa likatokea lile lililotokea, sisemi kwa ajili ya wengine, na vita vikabadilika mikononi mwangu, kasi nyingine kabisa. Kobe zile moja mbili tatu zako zinafanya kazi, nimeacha kukimbia ovyo, nahesabu. Moto maji moto nilikosea mara kadhaa maana Nia alikuwa bado hajajaza Special yake na muda wa hatua ya pili unaisha, ila nilipoipata vizuri adui mkubwa niliyekuwa namzunguka aliondoka fasta.

Ila naongeza kasoro nyingine kwenye orodha. Rex akilia. Tukio zito vile, sauti ya Kiingereza ikapiga ukelele mmoja mpaka nikacheka, na sikutaka kucheka.

Binti Pikseli

Sauti za Kijapani zipo, unazipakua bure, zilikuwepo tangu siku gemu linatoka. Lakini mimi nakushauri usibadilishe. Hizi za Kiingereza wametumia lafudhi kupanga mataifa, watu wa Gormott wanaongea kama Wales, Nia yule ni Wales mtupu, wale wa Mor Ardain ni Scotland. Unamsikia mtu kabla hujamwona unajua katoka Titan gani. Ukielekea kwenye Kijapani unapata kilio kizuri unampoteza Nia. Na Nia ndiye anayebeba nusu ya gemu kwa kejeli zake.

sauti_ya_chini

napinga. kijapani mwanzo mwisho

Kobe Mkimbiaji

Nampigia kura Nia.

Bahati Nasibu

Nia oyeee. Kidolegumba sasa umepata akili ya vita, ushauri wangu wa pili, ukilala hoteli ile ziada ya uzoefu inakupandisha levo, usilale kila mahali kama mtalii, utawapita maadui wa hadithi levo nyingi hata hizo kombo hutaziona maana kila kitu kinakufa kabla ya hatua ya tatu.

Mpinzani Mkuu

Au alale sana amalize haraka aokoe maisha yake.

Chuma Ulete

Daktari wa utafiti nyamaza.

Kidolegumba

Swali la pembeni, Tiger! Tiger! ni lazima? Poppi, yule roboti wa Tora, amebaki nyuma na hilo gemu dogo la kupiga mbizi linanitoa jasho, yule papa kila nikipanda na hazina ananisubiri.

Kobe Mkimbiaji

Sio lazima kwa hadithi ila Poppi hanunuliwi vipuri vya maana kwingine, nguvu zake zote ziko kwenye hizo kristali za Ether unazopata mule. Akijengwa vizuri ni tanki ambaye hafi. Cheza ile hatua unayoiweza kuirudia bila kugongwa, usiende kwenye ngumu kwa sifa. Usipokuwa na moyo huo muweke pembeni, Mòrag na Blade wake Brighid wanakuja, yule anakwepa kila kitu.

Mzee wa Kusevu

Kobe umemtajia anayejiunga.

Kobe Mkimbiaji

Yuko kwenye matangazo ya gemu mzee wangu.

Jirani Kimya

Mimi nina swali tofauti na samahani kwa kudandia uzi, nikitaka la tatu naweza kuruka haya mawili? Maana kwa maelezo yenu la pili linanitisha.

Binti Pikseli

Hadithi ya la tatu inaeleweka yenyewe, wahusika wapya. Ila ile dunia ni mchanganyiko wa za nyuma, kuna sehemu utapita kama unapita kichaka tu wakati mwenzako aliyecheza kasimama anafuta machozi. Chagua mwenyewe.

Mzee wa Kusevu

Aanze la kwanza, ile Definitive Edition ya 2020 iko kwenye Switch. Halafu hili. Torna baada ya hili, sio kabla, hata kama matukio yake yametangulia.

Mpinzani Mkuu

Torna kabla. Anapata vita vizuri kwanza.

Mzee wa Kusevu

Halafu akija huku mambo yote makubwa anayajua tayari? Hapana.

Mpinzani Mkuu

Atakuwa anajua ila atakuwa na furaha.

Bahati Nasibu

Hili la Torna tuliwahi kugombana kurasa nyingi kwenye uzi mwingine hatukumaliza, tusianze. Kidolegumba, la muhimu zaidi, ukipata Blade anaitwa Ursula, yule wa barafu mwenye dubu, anza misheni zake za mamluki siku hiyohiyo. Usiseme nitafanya baadaye. Mtume na kikosi, kiende kirudi, kitume tena, wewe uendelee na mambo yako. Chati yake ni ndefu kuliko ya mtu yeyote, kuna watu wamemaliza hadithi yeye bado yuko njiani.

Kidolegumba

Jana kwenye kristali katoka mtoto mmoja wa barafu kabebwa na dubu, ndo huyo?

Bahati Nasibu

Ndo huyo. Kamwamsha nani?

Kidolegumba

Rex.

Bahati Nasibu

Pole sana. Anza leo.